Msifute Kabla Hamjasoma

Hotuba kwa mafundi simu, vijana wa huduma kwa wateja na waandika programu, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, vijana wa dawati la huduma kwa wateja, na ninyi mnaoandika programu, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutoa kumbukumbu za simu, yaani maandishi ambayo simu hujiandikia yenyewe, pale programu inapoanguka, yaani inapojifunga ghafla. Nitaanza na mama mmoja, maana yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na alinifundisha kwa hasara yake.

Mama huyu ni mfanyabiashara wa vitambaa, mwenyeji wa Lubumbashi kule Kongo. Kama wenzake wengi wa huko, hushuka Kariakoo kuchukua mzigo, na sehemu ya mzigo huwauzia wenzake papa hapa, wengine kwa mkopo, kabla ya kupakia lori. Alikuwa akitumia programu tuliyoitengeneza ya kuandikia mauzo. Siku moja akanipigia: “Papa, ile programu yenu inajifunga. Mara inakubali, mara inakataa.”

Nilimuuliza maswali mawili, nikaona majibu hayanipeleki popote. Nikamwambia yale maneno ambayo kila mtu wa dawati anayajua kwa moyo: “Mama, ifute, halafu uipakue upya.” Akanisikiliza, akaifuta. Ndani ya ile programu mlikuwa na mauzo ya wiki 3 ambayo hayajapanda kwenye seva, yaani kompyuta yetu inayotunza nakala, kwa sababu akiwa safarini alikuwa akiwasha intaneti kwa nadra. Yote yakaondoka. Alinipigia tena jioni. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, “Sasa nitawadai watu kwa daftari gani?”

Na programu mpya aliyoipakua, ndugu zangu, iliendelea kujifunga vilevile.

Ofisini tulikuwa na mtambo wa kupokea taarifa za programu kuanguka. Nikaufungua, nikakuta hakuna kitu. Kwa siku zile, mtambo ulionyesha kwamba programu yetu ni nzima kabisa. Nikaamini mtambo kuliko mama. Baadaye nilielewa kwa nini ulikuwa mtupu, na hili naomba waandika programu walisikie vizuri: mitambo ya namna hii huandika taarifa ya ajali ndani ya simu wakati ajali inapotokea, kisha kwa kawaida huituma pale mtumiaji anapoifungua programu tena, tena akiwa na intaneti. Mtu asiye na bando haitumi. Na akiifuta programu, taarifa inafutika pamoja nayo. Kwa hiyo mimi mwenyewe, kwa ushauri wangu, nilimfanya mama aufute ushahidi ambao ungemwokoa.

Miezi 4 baadaye alirudi Dar es Salaam, safari hii akaja ofisini na simu yake mkononi. Tulikuwa na binti mmoja ambaye alikuwa hajamaliza hata mwezi kazini. Alimpa mama kiti, akaomba ruhusa, akaiunganisha simu na kompyuta kwa waya, kisha akamwambia: “Mama, uza kama unavyouza siku zote. Mimi naangalia.” Mama akaandika mita 3. Ikakubali. Akaandika mita 6. Ikakubali. Akaandika mita mbili na nusu, na programu ikajifunga. Kwenye kompyuta palikuwa na kifungu kirefu cha maandishi, na katikati yake mstari huu:

java.lang.NumberFormatException: For input string: "2,5"

Simu ya mama ilikuwa kwenye lugha ya Kifaransa, kama simu nyingi za kwao. Kwa Kifaransa, mbili na nusu huandikwa kwa mkato, 2,5, wala si kwa nukta kama tunavyoandika Tanzania na Kenya. Programu yetu iliandika idadi kwa mtindo wa lugha ya simu, kisha sehemu nyingine ya programu ikajaribu kuisoma idadi hiyohiyo kwa kanuni inayotambua nukta peke yake. Ilipokutana na mkato, ikashindwa, ikaanguka. Akiuza mita kamili hakuna mkato, basi mambo yanakwenda. Akiuza na nusu, inaanguka. “Mara inakubali, mara inakataa.” Mama alikuwa ameueleza ugonjwa kwa usahihi kabisa. Sisi ofisini simu zetu zote zilikuwa kwenye Kiingereza, tungejaribu mwaka mzima tusiuone.

Kurekebisha kulichukua mstari mmoja wa programu na chini ya saa moja.

Ndiyo maana leo sikuja kuwaeleza habari za vitufe tu. Ninawaomba tubadili mpangilio wa kazi. Kwenye vibanda vyetu na kwenye madawati yetu tumezoea kuanza na kufuta: futa data, futa programu, rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, piga flashi, yaani weka mfumo mzima upya. Mara nyingi simu inapona, na mteja anaondoka anashukuru. Lakini hakuna aliyejua iliumwa nini, na wiki ijayo anakuja mwingine na ugonjwa uleule. Naomba kusoma kutangulie kufuta.

Sasa, tunasoma nini? Watu wa pwani wanalo neno batli: daftari la nahodha, anamoandika mwendo wa chombo, upepo, saa, na yaliyotokea njiani. Simu nayo ina batli. Kila programu, na mfumo wenyewe, huandika humo mfululizo: nimefungua hiki, nimeomba kile, nimenyimwa kile kingine. Programu inapoanguka, mfumo huandika pia imeangukia wapi na kwa sababu gani. Tatizo ni kwamba kwenye Android batli hii inakaa kwenye kumbukumbu ya muda, na nafasi yake ni ndogo. Imegawanywa mafungu, na kwenye simu nyingi kila fungu lina kilobaiti 256 tu. Fungu likijaa, maandishi mapya yanafuta ya zamani. Simu yenye shughuli nyingi inaweza kuyafuta maelezo ya ajali ndani ya dakika chache. Simu ikizimwa na kuwashwa, kwa kawaida yanapotea yote. Kwa hiyo fundi anayeanza kwa kusema “hebu izime uiwashe” ajue kwamba ameshachana ukurasa.

Kwenye Android nenda Mipangilio, ingia Kuhusu simu, tafuta nambari ya muundo, uiguse mara 7. Samsung wameiweka ndani zaidi, kwenye maelezo ya programu za simu. Xiaomi wao unagusa toleo la mfumo wao. Simu itakuambia kwamba sasa wewe ni msanidi programu, yaani mwandika programu, na kwenye Mipangilio patafunguka ukurasa mpya wa chaguo za wasanidi. Humo mna kitufe cha kutayarisha ripoti ya hitilafu. Lakini ngoja, usikibonyeze bado. Kwanza mwambie mteja airudie ile kazi mpaka programu ijifunge mbele yako, uangalie saa, uandike: saa 4 na dakika 12 asubuhi, yaani 10:12 kwenye simu. Halafu ndipo ubonyeze. Simu itachukua dakika moja au kadhaa, usiiguse, kisha italeta arifa kwamba ripoti iko tayari. Ni faili moja la zip lenye jina linaloanza na bugreport, na ndani yake mna batli pamoja na hali ya betri, kumbukumbu, programu zilizokuwa zinaendeshwa, na mengine mengi.

Ukiwa na kompyuta na waya mambo ni rahisi zaidi. Unawasha utatuzi wa USB, yaani ruhusa ya kompyuta kuisoma simu kwa waya, kwenye ukurasa uleule, unachomeka waya, simu inauliza kama unaiamini kompyuta hii, mwenye simu anakubali mwenyewe kwa kidole chake. Kuna programu ya kompyuta ya kuongea na simu ya Android, inaitwa adb, na amri yake ya adb logcat inakuonyesha batli ikiandikwa palepale, ndivyo yule binti alivyofanya. Ukiongeza -b crash, inakuchujia ajali peke yake. Na kama mteja amekuja leo lakini programu iliangukia nyumbani juzi, usikate tamaa. Android huweka nakala za ajali kwenye kisanduku kingine kinachoitwa dropbox, ambacho hakina uhusiano na ile huduma ya kuhifadhi mafaili yenye jina hilo. Kisanduku hiki hakifutiki kwa kuzima simu, na kwa kawaida hushika taarifa za siku 3. Amri yake ni adb shell dumpsys dropbox --print data_app_crash. Mafundi wengi ninaokutana nao hawaijui hii, na imeniokoa mara nyingi kuliko nyingine zote. Mteja wa Jumatatu anayelalamikia ajali ya Jumamosi bado unaweza kumsaidia, ilimradi hujampigia flashi.

Ukimaliza, zima utatuzi wa USB, na uzime ukurasa wote wa wasanidi. Usimwachie mteja mlango wazi. Isitoshe, baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka ukurasa ule ukiwa umewashwa, na mteja atarudi kwako kesho akisema umemharibia simu.

Mtu atauliza kwa nini usipakue tu programu ya kusoma batli, ukaiweka kwenye simu ya mteja. Zamani iliwezekana. Tangu Android 4.1 ya mwaka 2012, programu ya kawaida haiwezi kusoma batli za programu nyingine. Walifunga kwa sababu nzuri, maana kulikuwa na programu zikisoma siri za wenzake. Ukiona programu inakuahidi hivyo bila kuhitaji kompyuta, kaa nayo mbali.

iPhone ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mipangilio, kisha Faragha na Usalama, kisha sehemu ya uchanganuzi na maboresho, kisha data ya uchanganuzi. Utakutana na orodha ndefu iliyopangwa kwa herufi. Tafuta jina la programu likifuatiwa na tarehe, faili linaishia na .ips, lifungue, bonyeza alama ya kushiriki, litume. Basi. Usijisumbue kulisoma, kwa sababu sehemu kubwa ni namba za anwani za kumbukumbu ambazo aliyetengeneza programu peke yake ndiye mwenye ufunguo wa kuzifasiri. Ukiona humo 0x8badf00d, jua kwamba mfumo wenyewe uliiua programu kwa sababu ilichukua muda mrefu mno kuitikia. Na ukikuta mafaili mengi yanayoanza na JetsamEvent, simu iliishiwa kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM, ikatoa sadaka programu moja ili nyingine ziishi.

Hapo kwenye kuishiwa kumbukumbu nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo tunapodanganyana zaidi na wateja wetu. Mteja anasema “programu inajifunga.” Kwake ni jambo moja. Kwetu yanaweza kuwa matatu. La kwanza ni kuanguka kwenyewe: programu imekutana na jambo isiloweza kulibeba, na simu inaleta ujumbe kwamba imeacha kufanya kazi. La pili ni kukwama: umegusa na programu haijakuitikia kwa sekunde 5, ndipo Android inauliza kama unataka kusubiri au kuifunga. La tatu halileti ujumbe wowote. Unatoka kidogo kwenda kusoma ujumbe wa muamala, unarudi, programu inaanza upya kana kwamba hujawahi kuifungua. Hiyo haikuanguka. Imeuliwa na simu ili kupisha nyingine. Simu zenye RAM ndogo, ya giga 1 au 2, hufanya hivyo kutwa nzima, na simu nyingine zina viokoa betri vikali ambavyo huua programu iliyo nyuma hata kama nafasi bado ipo. Ukitafuta taarifa ya ajali kwa tatizo la namna hii hutaipata ng’o, na utamwambia mteja kwamba ni yeye asiyejua kutumia simu. Waandika programu, tangu Android 11 mnaweza kuuliza mfumo ndani ya programu yenu: mara ya mwisho nilikufaje? Mfumo utajibu kama ni kuanguka, kukwama, au kukosa kumbukumbu. Ulizeni, kisha hifadhini alichokuwa anaandika mtumiaji kabla hajabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Kwa hiyo ninyi wa dawati, swali la kwanza liwe: “Iliandika nini kwenye kioo ilipojifunga?” Yupo atakayekujibu “haikuandika kitu.” Hilo nalo ni jibu, liandikeni.

Kusoma batli ya Android si kazi ya waandika programu peke yao. Fungua faili, tafuta maneno FATAL EXCEPTION kwenye ile saa uliyoiandika. Chini yake kuna jina la programu iliyoanguka. Hakikisha ndiyo yenyewe, maana batli imejaa malalamiko ya programu nyingine yasiyokuhusu. Kisha kuna jina la kosa, na mistari mingi inayoanza na at. Ukiona maneno Caused by, shuka mpaka la mwisho kabisa, sababu halisi hukaa huko chini. Nakili kuanzia FATAL EXCEPTION mpaka mwisho wa kifungu, uyatume kama maandishi. Tafadhali, maandishi. Picha ya kioo iliyokatwa nusu na kupitishwa WhatsApp mara tatu haisomeki, na mwandika programu hawezi kutafuta neno ndani yake.

Utakutana na mistari yenye majina kama a.b.c yasiyo na maana. Programu nyingi hufupishwa majina zinapotolewa ili ziwe nyepesi na zisiibiwe kirahisi, na ofisi iliyoitengeneza inabaki na faili la kufasiri. Kila toleo lina faili lake. Ndiyo sababu tunakusumbua kwa kuuliza nambari ya toleo. Ukiniletea batli ya toleo la Machi nikaifasiri kwa faili la Aprili, nitarekebisha mahali pazima na kuacha palipovunjika.

Kwa wenye programu zao kwenye Play Store, Google inazo hesabu zake. Kila siku ikiwa zaidi ya asilimia 1.09 ya watumiaji wenu wanaona programu ikianguka mbele yao, inahesabiwa kuwa na tabia mbaya na inaweza kupunguziwa nafasi ya kuonekana. Kwa kukwama kikomo ni asilimia 0.47. Lakini hesabu hizo zinatokana na watu waliokubali kutuma taarifa za matumizi. Mama wa Lubumbashi, kama hakukubali, hamwezi kumwona humo.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi. Ripoti ya hitilafu ni simu ya mtu ikiwa imekunjwa ndani ya faili. Mna majina ya akaunti zake, orodha ya programu zote alizonazo, majina ya Wi-Fi alizojiunga nazo, na mara nyingine maandishi ambayo programu ovyo zimeyamwaga kwenye batli bila kufikiri. Nimeshaona kwa macho yangu namba ya siri ya mteja ikiwa imeandikwa wazi humo, kwa sababu kijana aliyekuwa akijaribu programu alisahau kuondoa mstari mmoja. Halafu faili hilo linarushwa kwenye kundi la mafundi la watu 200, “jamani nani anajua hii?”

Hapana. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wanayo yao ya mwaka 2019. Lakini hata sheria isingekuwepo, huyu ni mtu aliyekuamini akakupa simu yake. Mwambie faili lina nini. Mwombe ruhusa. Lipeleke kwa anayehusika tu, na kazi ikiisha ulifute, kwako na kwenye simu yake. Kama kifungu cha ajali chenye mistari 30 kinatosha, na mara nyingi kinatosha, tuma hicho, bakiza mengine. Na waandika programu: jina, namba ya simu, salio, namba ya siri, visiingie kwenye batli kamwe.

Kisha jaribuni programu zenu katika lugha ambazo watu wenu wanazitumia. Wekeni simu kwenye Kifaransa cha Kongo. Wekeni kwenye Kiarabu, ambacho katika nchi kadhaa huandika tarakimu zake zenyewe. Andikeni nusu, robo, jina lenye ng’ ndani yake. Ni kazi ya mchana mmoja.

Yule mama bado ni mteja wetu. Wiki zile 3 za mauzo hatukuweza kuzirudisha. Alizunguka kwa wenzake mmoja mmoja akiwauliza wanakumbuka walichukua mita ngapi. Wengine walikumbuka. Siku hizi programu ikimsumbua, kabla hajapiga simu, anaandika kwenye karatasi alikuwa anauza nini, mita ngapi, na ilikuwa saa ngapi. Binti yule alimwonyesha siku ile pale ofisini, na ndiye niliyemwomba aje leo aendeshe sehemu ya vitendo. Amekaa pale mbele na kompyuta yake, na kuna waya za kutosha kwa kila meza. Mwenye simu inayomsumbua asiizime, aje nayo hivyohivyo ilivyo.

Ahsanteni sana.